Asha Bhosle na Nyimbo za Makombo

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Wengi humu tumekulia kwenye picha za Kihindi, stelingi akianza kuimba tunatulia. Basi yule haimbi, anachezesha midomo tu. Mwenye sauti alikwisha kurekodi studio, akaenda zake. Leo namzungumzia mmoja wao, Asha Bhosle.

Alizaliwa 1933 huko Sangli, Maharashtra. Baba yake, Deenanath Mangeshkar, mwimbaji wa michezo ya jukwaani, alifariki 1942, mabinti wakalazimika kuimba ili nyumba ipate kula. Dada mkubwa ndiye Lata, aliyekuja kuwa mwimbaji mkubwa kabisa wa filamu za Kihindi. Hebu jaribu kuwa mwimbaji, na dada yako awe Lata Mangeshkar! Akiwa na miaka 16 Asha alitoroka akaolewa na Ganpatrao Bhosle. Ndoa ikamshinda, akarudi kwao na watoto, akawa anaimba chochote alichopewa.

Na alichopewa ni makombo. Nyimbo za stelingi wa kike zilikwenda kwa Lata, Geeta Dutt na Shamshad Begum. Yeye akaachiwa za wacheza kabare na wanawake wa hila, kwenye filamu za bei rahisi. Ndipo 1957 mtunzi wa muziki O.P. Nayyar akampa nyimbo za stelingi katika filamu ya Naya Daur.

Kabare hakuiacha, na hapo ndipo namvulia kofia. Sikilizeni ule wimbo wa filamu ya Caravan, 1971, anaocheza Helen, muziki wa R.D. Burman. Asha anahema, na kila pumzi inaangukia palepale mdundo unapoitaka. Fumba macho, Helen bado unamwona.

Halafu 1981 ikaja filamu ya Umrao Jaan. Ghazal tupu, yaani mashairi ya mapenzi ya Kiurdu yanayoimbwa, muziki wa Khayyam, ambaye alitaka Asha aimbe kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea. Asha akagoma. Inasimuliwa kwamba walikubaliana kurekodi mara mbili, kila mmoja kwa matakwa yake. Aliposikiliza ile ya chini, ubishi ukaisha. Sauti imetulia, ina uzito wa mtu aliyeyaona mengi. Ilimpatia Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India, yake ya kwanza, naye anakaribia miaka 50.

Mwaka 2011 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walimtaja kuwa amerekodi nyimbo nyingi kuliko msanii yeyote. Hesabu hiyo hainishughulishi sana. Linalonishangaza ni wimbo wa filamu ya Rangeela, 1995, muziki wa A.R. Rahman: mama wa zaidi ya miaka 60 anamwimbia Urmila Matondkar, binti wa miaka ya ishirini, na hakuna aliyeshtuka. Fundi mitambo, tuwekee huo. Ongeza sauti kidogo, walio nyuma wasikie.