Martha Gellhorn: mwandishi aliyejifungia chooni ili afike vitani

Ndugu zangu, jina la Martha Gellhorn likitajwa, wengi husema, "Aa, yule mke wa Hemingway." Ndoa ile na Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Kimarekani, ilifungwa 1940 ikavunjika 1945. Uandishi wake ulidumu miaka 60 hivi, na huo ndio ulionileta mbele yenu.

Alizaliwa St. Louis, Missouri, mwaka 1908. Chuo hakumaliza. Mwaka 1934 serikali ya Rais Roosevelt wa Marekani ilimwajiri azunguke na kuripoti hali ya wasio na ajira. Kule Idaho aliwachochea vibarua wavunje madirisha ya ofisi ya misaada, ili wakubwa wamwone mkandarasi aliyekuwa akiwapunja. Kazi ikaota mbawa! Lakini aliyoyaona yakawa kitabu cha hadithi, 1936.

Sasa twende Juni 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya washirika yakivuka bahari kutoka Uingereza kuwashambulia Wajerumani Ufaransa. Jeshi la Marekani halikuwaruhusu wanahabari wanawake mstari wa mbele, na nafasi ya jarida lake, Collier's, alikwisha kuichukua mumewe. Martha akateremka bandarini Uingereza, akawaambia askari anakwenda kuwahoji wauguzi, akapanda meli ya hospitali na kujifungia chooni mpaka ikang'oa nanga. Kule Omaha, jina la kijeshi la ufukwe mmoja wa Normandy, Ufaransa, alishuka nchi kavu na wabeba machela kuwaokota majeruhi. Hemingway aliitazama vita ile akiwa chomboni. Nchi kavu hakukanyaga.

Isomeni ripoti yake, tafadhali. Utaona kahawa ya moto ikimiminwa polepole kwa mdomo wa buli, kinywani mwa majeruhi ambaye bendeji zimemwachia upenyo wa midomo tu. Mimi kwangu vita ni hiyo, kuliko ramani zote za majenerali.

Jeshi likamnyang'anya kibali cha kuripoti vita. Akaruka ua wa kambi alikopelekwa, akaenda Italia, akaendelea kuandika. Mwaka 1945 aliiripoti Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani. Haikumtoka moyoni, akairudia katika riwaya ya 1948 kupitia askari Myahudi wa Kimarekani.

Baadaye aliishi Kenya, akaandika hadithi 3 za Afrika Mashariki, The Weather in Africa. Wahusika wakuu ni Wazungu, na hilo linaniuma, kwa mtu aliyewasikiliza wanyonge wa nchi nyingi.

Marekani ilipoivamia Panama mwishoni mwa 1989, alikuwa na miaka 81. Alikwenda, akawahoji wakazi wa El Chorrillo, mtaa wa maskini ulioteketezwa.