Tatu ya Nini? Kusoma Sifa za Ziada katika Faili za Lida

Mabibi na mabwana, wapimaji ardhi wenzangu, nanyi wanafunzi mliofika kutoka Maseno na Kakamega, hamjambo. Walionisikia Nakuru watagundua kwamba nimekuja na wimbo ule ule, na ninawaomba radhi. Nitaacha kuuimba siku nitakayoacha kuletewa skripti, yaani programu fupi, zenye kosa lile lile. Sitaeleza kwa kirefu lida, yaani upimaji kwa miale ya leza, wala jinsi linavyopatikana wingu la pointi, yaani mamilioni ya nukta zilizopimwa, kwa kuwa nyote mnazo droni au mnawajua wanaozikodisha. Nataka tuzungumzie zile sifa za kila pointi ambazo mtengenezaji wa data ameziongeza mwenyewe, juu ya zile za kawaida, na jinsi skripti inavyopaswa kuzisoma.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimwongoza aliniletea ripoti ya kipande cha msitu upande wa Kakamega. Faili ilikuwa ya LAS, muundo wa kuhifadhia pointi za lida, na mteja alikuwa ameeleza kwamba kila pointi imebeba urefu wake kutoka ardhini. Kijana aliandika skripti kwa Python, lugha ya programu, akapata mti mrefu kuliko yote, akauweka kwenye jedwali kwa wino mzito: mita 4,375. Nilimwuliza kwa upole kama anaujua Mlima Elgon, akasema anaujua, nyumbani kwao unaonekana. Nikamwambia kwamba Elgon una mita 4,321, kwa hiyo mti wake umeupita mlima kwa mita 54, na ingefaa tuwaarifu watu wa utalii. Alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu ripoti ilikuwa imekwisha kutumwa.

Sasa tazameni alichofanya, maana hakuwa mzembe. Alifungua kichwa cha faili, yaani sehemu ya mwanzo inayoeleza yaliyomo, akasoma baiti iliyo nafasi ya 104, akakuta muundo wa pointi ni namba 6. Muundo huo kikawaida una baiti 30 kwa kila pointi. Akasoma baiti mbili zinazofuata, nafasi ya 105 na 106, ambazo hutaja urefu halisi wa rekodi, akakuta 34. Akatoa 30 katika 34, akabaki na baiti 4 za ziada. Hadi hapo hesabu yake ni safi kabisa. Kisha akakisia: akasema baiti mbili za kwanza ni urefu wa mti, akazisoma kama namba kamili, akachapisha. Alikisia sawasawa kuhusu mahali, akakosea kuhusu maana, kwa kuwa urefu ulikuwa umehifadhiwa kwa sentimita na ulipaswa kuzidishwa kwa 0.01. Mti wenyewe ulikuwa wa mita 43.75, mti mzuri wa heshima.

Hesabu ya kutoa humwambia mtu idadi ya baiti tu. Baiti nne zinaweza kuwa namba moja yenye desimali, au namba mbili za baiti mbili mbili, au namba nne ndogo zisizozidi 255, na hakuna kuzikodolea macho kutakakokuonyesha ni kipi. Ukienda soko la Kibuye ukasikia mtu akisema amenunua omena tatu, utamwuliza tatu ya nini, gorogoro au debe? Hutakisia kwa kutazama mfuko. Lakini mbele ya faili tunakisia, tena tukiwa tumevaa tai.

Faili yenyewe iliandikwa ili tusikisie. Shirika la ASPRS la Marekani, linalosimamia muundo wa LAS, liliweka katika toleo la 1.4 la mwaka 2011 utaratibu wa kueleza baiti za ziada. Baada ya kichwa cha faili huja rekodi za maelezo, na mojawapo hubeba utambulisho LASF_Spec na namba 4. Ndani yake kila sifa ya ziada ina maelezo yenye baiti 192, yanayotaja aina ya data, jina lisilozidi baiti 32, thamani inayomaanisha kwamba hakuna kipimo, kiwango cha chini na cha juu, kigezo cha kuzidishia, namba ya kuongezea, na ufafanuzi mfupi. Kila alichohitaji yule kijana kilikuwa ndani ya faili ile ile, baiti mia kadhaa kutoka pale alipokuwa akichungulia.

Najua kuna anayejiambia kwamba yeye hasomi baiti kwa mkono, anatumia laspy, maktaba ya Python ya kusoma faili za LAS, basi hayamhusu. Yanamhusu. Maktaba hiyo husoma maelezo hayo na kukuzidishia kigezo, na ndiyo ninayopendekeza. Lakini lazima uiulize. Fungua faili kwa laspy.open bila kupakia pointi, kisha uchapishe extra_dimension_names iliyo chini ya muundo wa pointi wa kichwa. Ni mstari mmoja. Sioni sababu ya mtu mzima kuandika jina la sifa kwenye skripti kwa kulikariri kutoka kwa barua pepe ya mteja, halafu akashangaa skripti inapokwama kwa sababu faili ya Jumanne imeandikwa “Height” na ya Jumatano “height above ground”. Mashine haijui kwamba hayo ni ndugu.

Mwingine ataniambia ni rahisi kugeuza kila kitu kuwa maandishi na kukisoma katika jedwali. Pointi milioni 50 zenye baiti 34 kila moja ni takriban gigabaiti 1.7; zigeuze kuwa maandishi uone kipakatalishi chako kitakavyolia. Isitoshe, aina ya data na kigezo havitasafiri nazo, na wiki ijayo tutarudi Elgon.

Kosa la pili hujificha zaidi. Katika faili ile ile kulikuwa na pointi ambazo urefu wake haukuweza kukokotolewa, nazo zilipewa namba 65535. Zidisha kwa 0.01 upate mita 655.35. Zikiwa chache hutaziona kwenye picha, ila wastani wako utapanda bila sababu, na mteja atafurahi kwamba msitu umestawi. Soma thamani ya kutokuwepo kipimo katika maelezo ya sifa, uziondoe pointi hizo ukilinganisha namba ghafi kabla ya kuzidisha, wala usitegemee kwamba maktaba itakuondolea.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mambo mengine matatu. Nitayapitia mbio. Faili zilizobanwa za LAZ, ambazo tunamshukuru Martin Isenburg kwa programu yake ya kubana, LASzip, hutunza baiti za ziada vilevile, ila anayesoma baiti ya 104 kwa mkono atakuta 134 badala ya 6, kwa kuwa 128 imeongezwa kama alama ya kubanwa. Asidhani faili imeharibika. Faili kubwa zisomwe vipande vipande, pointi milioni moja moja. Na kama rekodi ni ndefu kuliko muundo wake lakini hakuna maelezo yoyote ya LASF_Spec, mpigie simu aliyekuuzia data, kwa sababu umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu kuandika sifa zako mwenyewe kwenye faili mpya sitasema leo. Wewe uliyeketi mbele, mwenye faili ya kingo za mto Nyando, ilete hapa kwenye projekta. Usiniambie ina sifa gani. Chapisha majina kwanza, tuyaone sote.