Kuandaa Majina ya Maharusi kwa Fonti ya Mwandiko kwa Ajili ya Kukata Stika

Karibuni, watazamaji. Leo tunaandika majina ya maharusi kwa fonti ya mwandiko wa kuunganisha, kisha tunayaandaa yakatwe kwa stika na kubandikwa kwenye ubao wa kukaribishia wageni ukumbini. Ninatumia programu ya Inkscape na fonti ya Pinyon Script, zote za bure, na kuzisakinisha hakuhitaji maelezo.

Andikeni “Ng’washi na Daudi”. Herufi kubwa ziwe za mwanzo wa jina tu. Mteja aking’ang’ania jina zima liwe kwa herufi kubwa, mwonyesheni kwenye skrini, kwa kuwa mikia ya herufi hizo ikifuatana husukana kama nondo za geti na jina halisomeki.

Mwandiko huu ulistawi Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, ukiandikwa kwa kalamu ya unyoya wa ndege: mwandishi alikandamiza akishuka, mstari ukanenepa, na akalegeza mkono akipanda, mstari ukawa mwembamba. Mistari hiyo myembamba ndiyo inayokatika tunapong’oa stika, kwa hiyo yakuzeni majina mpaka ulio mwembamba kabisa ufikie walau milimita 2. Hicho ndicho kipimo changu, na sikipunguzi hata mteja akinuna.

Nafasi kati ya herufi iacheni sifuri, la sivyo viungo vitaachana. Ubaguzi ni mmoja, nao ni ritifaa ya Ng’washi, yaani ile alama ya ’, ambayo imeitenga g na w. Wekeni kasa, yaani kile kimstari kinachomweka mnapoandika, kabla ya w, shikeni Alt na kubonyeza mshale wa kushoto kidogo kidogo, mpaka w iiguse g chini ya ritifaa. Subirini, dirisha linang’aa kwenye skrini na hamwoni kitu, navuta pazia. Sasa inaonekana.

Kabla ya hatua inayofuata, hakikini tahajia na kuhifadhi nakala. Narudia: hifadhini nakala, kwa sababu Ctrl+Shift+C hugeuza maandishi kuwa mchoro, na mchoro hausahihishwi kwa kibodi.

Bonyezeni Ctrl+Shift+C, halafu Ctrl+Shift+G kuvunja kundi. Sasa sikilizeni vizuri: herufi hizi zimelaliana, na mashine itakata kila mstari inaoukuta, hata ule unaopita katikati ya kiungo. Teueni herufi zote, kisha Ctrl na alama ya kujumlisha, ili ziungane. Msipeleke faili kwenye mashine kabla ya kuunganisha. Nasema tena, kabla ya kuunganisha, msipeleke.

Tazameni kwa mistari mitupu, yaani kingo za herufi pekee bila rangi ya ndani. Hapa kamera imenasa jambo: kati ya u na d bado kuna mstari, maana yake d haikuteuliwa. Tunateua zote upya, tunaunganisha, umeondoka.

Hifadhini kwa PDF. Asiye na mashine atutumie majina, tutamkatia. Namba yetu ipo chini ya video.