Steringi Hafi: Kwa Nini Infinity War Ilituumiza

SALMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Salma, na mwenzangu ni Kelvin kama kawaida. Leo tuna filamu moja tu mezani, Avengers: Infinity War ya mwaka 2018. Tutaieleza mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona, kaitazame kwanza ndipo urudi.

KELVIN: Shikamoo dada Salma.

SALMA: Marahaba. Wewe ndiye uliyeing'ang'ania hii, haya anza.

KELVIN: Naanzia kibanda umiza. Mimi filamu nimejifunzia pale, mabenchi ya mbao, joto, dijei anatafsiri mpaka mistari ambayo haipo. Tulikuwa na sheria moja hakuna aliyeiandika: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatumbukia mtoni, atachomewa nyumba, lakini mwisho anarudi. Ukitoa kiingilio unalipia hiyo ahadi. Sasa naingia ukumbini 2018, nawaona watu niliowafuata miaka kumi wanageuka vumbi mmoja baada ya mwingine. Natoka nje siwezi hata kuongea na niliokuja nao. Nikasema basi, sheria imevunjwa. Imenichukua kuitazama mara ya tatu kuona kwamba haikuvunjwa.

SALMA: Haikuvunjwa vipi? Nusu ya viumbe vyote imepotea!

KELVIN: Steringi hakufa, dada. Steringi wa ile filamu ni Thanos, yule adui aliyewageuza vumbi.

SALMA: Eleza.

KELVIN: Angalia nani ana safari. Nani anatoka nyumbani akitafuta kitu, anapita mtihani hadi mtihani, anapoteza anayempenda njiani, halafu anakipata alichokitaka? Mawe sita ya nguvu, ya kumwezesha kuifuta nusu ya viumbe kwa kupiga vidole tu, yeye ndiye anayeyakusanya. Yeye ndiye anayeonekana kwenye skrini muda mrefu kuliko mtu yeyote mle. Mashujaa wa Avengers, akina Stark, akina Rogers, Thor, wote hao katika kisa hiki ni vikwazo vya njiani, kama zimwi na mto katika hadithi za bibi. Akishamaliza anakwenda kukaa mbele ya kibanda chake, anatazama jua. Yule ni shujaa anayepumzika. Na majina yakishapita, maandishi yanasema Thanos atarudi. Siyo Avengers.

SALMA: Naikubali, na naongeza. Akishapiga vidole, kabla hatujaona vumbi lolote, tunapelekwa mahali penye maji na rangi ya machungwa, na Gamora, binti aliyemlea, yuko pale, mdogo, kama siku aliyomchukua. Anamuuliza: umefanya? Anajibu ndiyo. Imekugharimu nini? Anajibu: kila kitu. Hebu fikiria, wakati tunaostahili kuwalilia waliokufa, filamu inatupa kwanza huzuni ya muuaji.

KELVIN: Na inatuuma! Hapo ndipo nilipojishtukia.

SALMA: Sasa mimi nina la kwangu, na ndilo lililonifanya nikubali kurekodi leo. Watu wanasema tulilia kwa sababu ya vumbi. Mimi nasema vumbi lilikuwa la mwisho tu. Kilio kilijengwa kwa swali moja linaloulizwa kila mlango. Utamtoa umpendaye, au utatoa jiwe? Anza na dakika za mwanzo, kwenye merikebu ya anga ya watu wa Asgard, kwao Thor. Thor anabanwa kichwa, Loki anaambiwa achague. Loki, ambaye tangu 2011 hatumwamini hata akituambia saa ngapi, anatoa jiwe kumwokoa ndugu yake.

KELVIN: Na anakufa dakika chache baadaye.

SALMA: Swali la pili, Gamora. Yeye peke yake anajua jiwe la roho liko wapi. Thanos anamwonyesha Nebula, dada yake, ametandazwa vipande vipande angali hai. Gamora anasema. Swali la tatu, Strange, mchawi anayelinda jiwe la wakati. Amemwambia Stark waziwazi ndani ya chombo: ikibidi nichague kati yako, kijana wako Parker na jiwe, nyie mtakufa. Kule sayari ya Titan, Stark akichomwa upanga, Strange analitoa jiwe. Katikati ya hayo Vision anataka auawe yeye ili jiwe la kichwani liharibiwe, Rogers anamjibu kwamba hapa hatubadilishani roho za watu. Unaona? Kila mtu anakataa kumtoa mwenzake, na kila anayekataa anaisogeza siku ya maangamizi. Mmoja tu anakubali bila kurudi nyuma. Anamburuta binti yake mpaka ukingoni mwa jabali la Vormir, liliko jiwe la roho, anamsukuma, huku machozi yanamtoka.

KELVIN: Steringi.

SALMA: Ndiyo, huyo steringi wako. Msuko wote umepangwa ili upendo wa mashujaa uwe ndio tundu la kupitia. Ungekuwa na Thanos mwenye nguvu tu, ungeogopa, ukatoka, ukasahau. Lakini hapa kila mara anayefungua mlango ni mtu aliyefanya jambo ambalo hata wewe ungelifanya. Ndiyo maana ukitoka nje huna wa kumlaumu.

KELVIN: Watu walipata wa kumlaumu. Quill, mpenzi wa Gamora.

SALMA: Ah, maskini Quill!

KELVIN: Ukumbini mimi mwenyewe nilipiga kelele. Wako Titan, wamemshika Thanos, Mantis amemlaza usingizi, Parker na Stark wanavuta glovu, imebaki kidole tu. Quill anagundua Gamora ameuawa, anampiga Thanos usoni, Thanos anaamka. Kila mtu niliyekaa naye alimtukana. Dada, mimi pale naona waandishi wamenisukuma. Walihitaji glovu ibaki, wakamtafuta mtu wa kuharibu. Uchungu wa namna hiyo haujaiva, umetiwa rangi.

SALMA: Hapana, hapo sikubaliani nawe kabisa. Rudi kule Knowhere, kabla ya Titan. Gamora alimwapisha Quill kwamba wakikamatwa amuue. Akakamatwa. Na Quill, akiwa analia, alivuta kile kifyatulio. Kumbuka risasi zilitoka mapovu kwa sababu Thanos alikuwa na jiwe la uhalisi, lakini mkono wa Quill ulivuta. Yeye ni wa kwanza miongoni mwa mashujaa kulijibu lile swali kwa "nitamtoa". Amejilazimisha kufanya jambo zito kuliko yote maishani mwake, na likafanywa mzaha mbele ya macho yake. Sasa mtu huyo huyo anaambiwa Gamora amekufa, na aliyemuua yuko mbele yake. Unataka apige hesabu? Mfiwa hapigi hesabu, Kelvin. Umemwona mtu anapopokea simu ya msiba, anaangusha hata mtoto aliyembeba.

KELVIN: Sikuwa nimeyaunganisha mapovu na ngumi.

SALMA: Yameunganishwa na filamu yenyewe. Kati yake wamepachika Thor na nyota inayokufa na vita vya Wakanda, ukasahau. Ukifika kwenye ngumi unaona hasira tu, kumbe ni ile risasi inatoka sasa.

KELVIN: Sawa. Nakupa hiyo nusu. Bado nasema ilikuwa kidole tu kilichobaki, na hicho kidole ni cha waandishi.

SALMA: Haya, tubaki na kidole chako. Lakini Wanda? Wanda utamwambia nini?

KELVIN: Wanda siwezi kubishana. Wanda ndiye anayelijibu swali mpaka mwisho. Mkono mmoja anamzuia Thanos, mkono mwingine analivunja jiwe kwenye paji la uso la Vision, mpenzi wake anamwambia nakupenda, linapasuka, basi. Ametoa. Kile walichokataa wote, yeye kakifanya. Halafu Thanos anazungusha mkono, wakati unarudi nyuma, Vision anasimama tena mzima, na anang'olewa jiwe. Amefiwa mara mbili ndani ya dakika mbili na hakununua kitu.

SALMA: Na kabla ya kuurudisha wakati anazungumza naye kwa upole, kama baba. Mimi pale nilifumba macho.

KELVIN: Na lile jiwe la wakati ndilo alilolitoa Strange. Kwa hiyo uhai wa Stark umelipiwa na Vision. Hawajawahi kuambiana, hawapo hata kwenye sayari moja.

SALMA: Hapo umeleta jambo jingine kubwa, utengano. Filamu yenye mashujaa zaidi ya ishirini kila mtu anategemea wakutane. Mwaka 2012 raha yote ilikuwa ile: wamekusanyika, wamesimama mduara, kamera inawazunguka. Hii inawatawanya kwa makusudi. Stark, Strange na Parker wako Titan. Thor, Rocket na Groot, yule kijana mti, wako Nidavellir wanafua shoka. Rogers na wengine wako Wakanda. Kila kundi lina kipande cha ushindi, hakuna anayejua cha mwenzake. Na kidonda kikubwa, Stark na Rogers, waliotengana kwa ugomvi filamu ya 2016. Stark ana simu mkononi, ile simu ndogo ya kufunika, namba ni moja tu, anataka kupiga. Mara upepo, nywele zinapeperuka, chombo kimetua mjini. Hapigi. Filamu nzima ya dakika 149 hawaonani hata mara moja.

KELVIN: Banner ndiye anapiga baadaye.

SALMA: Banner, ndiyo. Ujumbe unafika bila sauti ya mwenyewe.

KELVIN: Nizungumze kidogo juu ya Thor, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani sehemu yake imerefushwa bure. Kule tunatazama mtu anafua chuma wakati huku dunia inaungua. Lakini ile sehemu kazi yake ni moja, kutupandisha. Kuna mazungumzo ndani ya kile chombo kidogo, Rocket anamuuliza habari zake, naye anahesabu: mama, baba, dada, ndugu, rafiki, wote wamekufa. Anacheka huku jicho linalengwalengwa. Anasema, nikikosea, nina nini tena cha kupoteza? Kisha tanuru, kisha shoka halina mpini, na Groot, kijana aliyekuwa anacheza gemu tangu mwanzo hajali kitu, anaukata mkono wake mwenyewe uwe mpini. Wanatua Wakanda na umeme. Ukumbini watu walisimama! Na shoka linampiga Thanos kifuani. Nikajua tumeshinda. Thanos anamwambia, ungelenga kichwa. Akapiga vidole.

SALMA: Na mkono wa Groot uko kwenye lile shoka bado, Groot mwenyewe anapotea mbele ya Rocket.

KELVIN: Usingenikumbusha hilo.

SALMA: Sisi wa pwani tuna kisa cha Liongo. Amekufa amepiga goti, upinde mkononi, kisimani, watu wanaona kiu hawathubutu kusogea, wanamwita mama yake aje ambembeleze. Mama anamwimbia mwanawe akidhani amekasirika. Sisi tunajua amekufa, mama hajui, na uchungu wote umo katika hiyo nafasi kati yetu na yeye. Hapa wamefanya kinyume. Sisi hatujui zaidi ya wao. Bucky anamwita rafiki yake Steve Rogers, anaanguka, hatuelewi tumeona nini. Muziki wa Alan Silvestri uliounguruma saa mbili unapungua karibu unyamaze.

KELVIN: Na karibu kila mmoja anaondoka mbele ya mtu wake. Kamera haiendi na aliyekufa, inabaki na aliyeachwa. Groot na Rocket. Parker mikononi mwa Stark, anasema hataki kwenda. T'Challa, mfalme wa Wakanda, anamnyooshea jenerali wake Okoye mkono ainuke, anamwambia hapa si mahali pa kufia, na mkono unakuwa vumbi kabla Okoye hajasimama.

SALMA: T'Challa tulikuwa tumemtawaza Februari, miezi miwili tu nyuma. Watu wetu walikwenda kumtazama wamevaa kitenge. Nina manung'uniko yangu hapo: Wakanda imetumika zaidi kama uwanja, T'Challa kapewa maneno machache kwenye nchi yake, na Nakia wa Lupita Nyong'o hayupo kabisa. Lakini ule mpangilio wa kutolewa, Black Panther kwanza kisha hii, ulifanya kazi ambayo maneno hayakufanya. Wapiganaji wanaitikia "Yibambe!", ni Kixhosa, shikilieni imara, na mtu wa Kiswahili mwenye neno "bamba" mdomoni anaisikia mwilini. Halafu mfalme hayupo. Tangu Chadwick Boseman afariki Agosti 2020, ile dakika siitazami sawa tena.

KELVIN: Mimi anayenikaa ni Sam. Yeye hana mtu. Amelala kwenye majani, anapotea, hakuna aliyemwona. Na Rhodes anapita karibu anamwita, Sam, Sam, uko wapi?

SALMA: Na hakuna mwili. Kwetu msiba una mwili, una kaburi, una watu wa kubeba. Endgame ya 2019, mwendelezo wake, ililielewa hilo. Wanamkata Thanos kichwa mapema kabisa, kisasi kimelipwa, na hakuna aliyerudi kwa sababu mawe ameshayaharibu. Halafu miaka mitano inapita, na Rogers amekaa kwenye duara la viti na watu wanaozungumzia waliopotea. Yale ni matanga yasiyokwisha.

KELVIN: Na simu ile isiyopigwa?

SALMA: Ndiyo nilikuwa naifikia. Stark anarudi duniani amekonda mifupa mitupu. Rogers anakimbia kumpokea. Tangu 2016 tunangoja hawa wawili waonane, miaka mitatu. Tulidhani watagombana, au watasameheana. Stark anamshika mkono, na analosema kumhusu Parker ni, "Nimempoteza mtoto."