Shavu la Bibi: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Ushonaji

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie darizi, na mimi nikaomba nizungumzie kipande chake kimoja kidogo: shavu la mtu.

Nimekuja na foronya hii. Aliidarizi bibi yangu, mzaa mama, kule Tanga: maua mawili mekundu, majani ya kijani, na chini yake maneno "Lala Salama". Najua wengi wenu mmelalia foronya kama hii. Litazameni ua. Alilichora kwa penseli, akaufuata mstari kwa mshono wa mnyororo, kisha akajaza ndani kwa nyuzi zilizolala upande mmoja. Ndivyo alivyonifundisha, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyodarizi: maua, tausi, majina ya maharusi kwenye mashuka. Riziki ilipatikana. Sikuwahi kufikiri kwamba sindano yangu inaweza kumshika mtu.

Bibi alipofariki, nikataka kumdarizi yeye mwenyewe. Tulikuwa na picha yake moja tu iliyo wazi, ndogo, ya kitambulisho. Nikaikuza, nikaichora, nikapita mstari, nikajaza kahawia. Nilipomaliza nikampelekea mama. Akaitazama kwa muda, akaniuliza taratibu, "Huyu ni nani, mwanangu?"

Nilirudi chumbani nikaufumua mdomo. Nikaudarizi upya, nikaufumua tena. Mara ya nne kitambaa kikatoboka.

Ilinichukua muda kuona kwamba tatizo halikuwa mdomo. Nilikuwa nimemdarizi bibi kama ua. Ua lina ukingo. Jani linaishia pale linapoishia. Shavu halina ukingo. Niambieni, linaanzia wapi na linakoma wapi? Ukilizungushia mstari umeshalipoteza.

Nikaanza kutafuta wenzangu walifanyaje. Kuna kitambaa cha karne ya 11 kijulikanacho kwa jina la mji wa Bayeux, Ufaransa, chenye urefu wa karibu mita 70, kinachosimulia jinsi William wa Normandy alivyoiteka Uingereza mwaka 1066. Farasi wamejazwa nyuzi za sufu za rangi, meli vivyo hivyo, na nguo pia. Ukifika kwenye nyuso na mikono, kitambaa kimeachwa kitupu, kuna mistari tu ya pua, jicho na mdomo. Nilipoliona hilo nilifarijika sana. Mafundi hodari kiasi kile nao uso waliuachia mstari peke yake.

Lakini karne mbili tatu baadaye, mafundi wa Uingereza waliodarizi mavazi ya makasisi kwa hariri walipata njia. Walitumia mshono wa kupasua: sindano inapanda katikati ya uzi wa mshono uliotangulia na kuugawa. Kwenye shavu walianzia katikati, wakazunguka na kuzunguka kama gamba la konokono. Mwanga ukilipiga shavu lile, linavimba. Rangi ni moja, uzi ni mmoja. Kinachofanya kazi yote ni upande uzi unakolala.

Nikarudi kwa bibi, safari hii bila penseli. Uzi wa darizi wa kampuni ya DMC huja na nyuzi sita zilizolala pamoja. Nikautenganisha, nikatumia mmoja mmoja. Kwenye paji la uso nilifuata mikunjo yake, kwa ulalo. Chini ya jicho nilishuka kwa upinde, kwa sababu pale ngozi yake ilikuwa imelegea. Kutoka pembe ya pua hadi mdomoni uzi ukaenda kama maji yanayoteremka. Shavu moja lilinichukua siku kumi na moja, na nisingetaka lipungue hata siku moja.

Rangi ndiyo iliyobaki kunisumbua. Chini ya taya kahawia yoyote niliyoiweka ilionekana kama uchafu. Aliyenikomboa ni Bisa Butler, Mmarekani ambaye baba yake anatoka Ghana. Alisomea uchoraji Chuo Kikuu cha Howard, na baadaye, akiwa katika masomo ya uzamili, bibi yake akawa mgonjwa mahututi. Akachukua picha ya harusi ya bibi na babu yake, akaishona kwa vitambaa. Hapo ndipo sura zake za watu zilipoanzia. Yeye hushona kwilti, yaani viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini, vyote vikishikwa na uzi, na ndani yake hutumia vitenge kama hivi tunavyovaa sisi. Ngozi anaipa bluu, zambarau, chungwa. Mwaka 2020 jarida la TIME lilipochagua wanawake 100, mmoja kwa kila mwaka kuanzia 1920, wa mwaka 2001 alikuwa Wangari Maathai wetu, na aliyeshona picha ya jalada lake ni Butler.

Nikaweka zambarau chini ya taya ya bibi. Taya ikarudi nyuma, shavu likaja mbele.

Naombeni niseme jambo ambalo walimu wengine hawatalipenda: msianze na marais wala wanamuziki. Kila mtu anawajua kwa picha, na mtaishia kuinakili picha. Anzeni na mtu mliyewahi kumwosha uso, au kumsuka, au kulala begani kwake. Vidole vyenu vinakumbuka nyama inaelekea wapi, hata pale ambapo picha imefifia.

Bibi huyu hapa. Mdomo bado haujanikalia sawa, mtauona. Njooni mbele watano watano, mikono iwe mikavu. Wekeni kidole hapa chini ya jicho, kisha kipelekeni unakokwenda uzi.