Zawadi ya Seremala Anayeanza: Jiwe la Kunolea Kwanza

Ndugu wazazi na walezi, wajomba na mashangazi mliochanga kwa ajili ya mahafali, nianze na lile boksi la vifaa. Mnalijua: la plastiki, lina mshikio, ukilifungua vipande mia na zaidi vimepangwa vinameta, na bei yake inavutia. Msilinunue. Nimelisema kila mwaka na leo nalisema tena. Kijana aliyehitimu useremala hana kazi na rundo la soketi za kufungulia nati za gari. Patasi zilizomo, kama zimo, ni za chuma laini; akizigonga kwenye mninga mkavu, makali yanajikunja kabla tundu la kwanza halijafika nusu. Bisibisi zake ncha inazunguka ndani ya skrubu na kuviharibu vyote viwili.

Pesa hiyohiyo inunue vitu vichache. Patasi tatu, za milimita 6, 12 na 25. Randa moja ya chuma, saizi namba 4 au namba 5. Msumeno wa mkono. Nyundo ya karibu nusu kilo yenye kucha za kung'olea misumari. Guniya ya kupimia pembe, futi ya mita 5, penseli. Lakini kabla ya vyote hivyo, jiwe la kunolea lenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini, pamoja na tupa ya pembetatu ya kunolea msumeno. Pesa ikipungua, punguzeni patasi moja. Jiwe libaki.

Hapo ndipo ninapobishiwa. "Mwalimu, patasi ni mpya, inanolewa ya nini?" Inanolewa kwa sababu haijawahi kunolewa! Kiwandani imepitishwa kwenye mashine, ikapewa mteremko wa nyuzi 25 hivi, ikapakwa mafuta isishike kutu, basi. Igeuzeni mgongo muutazame kwenye mwanga, mtaona mistari ya mashine. Mistari hiyo ikifika hadi nchani, makali yanakuwa na pengo pengo ndogo, na makali ya namna hiyo hayakati mbao, yanairarua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mgongo. Ulazwe bapa juu ya jiwe, sentimita mbili au tatu za mwisho tu, usuguliwe bila kuinuliwa hata kidogo mpaka mistari ipotee na pale nchani pang'ae. Hiyo ni kazi ya mara moja, haitarudiwa kila siku.

Kisha patasi igeuzwe. Mteremko ulale juu ya jiwe, halafu mpini uinuliwe kidogo tu, patasi ifikie kama nyuzi 30 kutoka kwenye jiwe, ili isuguliwe ncha peke yake. Asugue upande wa kukwaruza mpaka kidole kikipita mgongoni kisikie chuma chembamba kimejikunja, na kiwe kimejikunja kwa upana wote, si katikati tu. Wengi huharibu hapa. Hawangoji kitokee kwenye pembe zote mbili, wanakimbilia upande laini, wanasugua nusu saa na patasi haikati. Kikishatokea chote, ndipo ahamie upande laini, amalizie kwa kulaza mgongo mara chache kiondoke.

Ajaribu kwa kukata kichwa cha kipande cha paini, pale nyuzi zilipokatwa, wala asijaribu kwenye mninga. Mbao ngumu huvumilia hata makali ya wastani. Nyuzi za paini ni laini, kisu butu kinazilaza na kuziponda. Uso ukibaki safi unaong'aa, patasi iko tayari. Ukibaki mweupe uliochanika, arudi kwenye jiwe.

Kama jiwe ni la mafuta, atumie mafuta ya taa au mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia yanaganda kwenye vitundu vya jiwe, na baada ya muda chuma kinateleza tu juu yake. Tena asisugue katikati peke yake. Jiwe likiingia shimo, halitoi tena makali yaliyonyooka. Likishaingia, lisawazishwe kwa msasa uliotandikwa juu ya kioo.

Najua mwingine anasema moyoni: karakana ina grenda. Grenda inasaga. Ukiiegemea kidogo tu, ncha inageuka bluu, na chuma kilichogeuka bluu kimepoteza ugumu wake. Hakitashika makali mpaka sehemu ile isagwe yote iondoke. Grenda ni ya kurudisha patasi iliyovunjika pembe, kwa kugusa na kuchovya majini, kugusa na kuchovya. Na pembe zitavunjika. Mvule hujenga mawe ya chokaa ndani ya gogo, huyaoni mpaka umeyagonga. Kijana mwenye jiwe anarudi kazini siku ileile. Asiye nalo anaazima, na mnajua fundi alivyo mgumu kuazimisha patasi yake.

Randa inanolewa hivyohivyo. Bati la juu ya kisu likae nyuma ya makali kwa milimita moja hivi, vinginevyo mbao yenye nyuzi zinazopishana itachubuka. Dukani wekeni rula juu ya kitako mwangalie mwanga unapita wapi. Ya mtumba iliyo nzito ni bora kuliko mpya nyepesi, mradi mdomo hauna ufa na kisu hakijaisha. Kutu ya juujuu inatoka kwa msasa.

Msumeno: tazameni meno. Yakiwa meusi au ya bluu huku bati ni jeupe, yamechomwa kiwandani yakawa magumu, tupa haiyaingii. Yakiisha makali, msumeno umekwisha. Chagueni ambao meno yana rangi moja na bati, manane kwa inchi.

Muda unanibana. Drili ya betri isubiri, atainunua kwa kazi yake mwenyewe. Guniya ijaribiwe palepale dukani: iegemezeni kwenye ubao wenye ukingo ulionyooka, mchore mstari, igeuzeni, mchore tena kuanzia alama ileile. Mistari ikiachana, rudisheni. Ile ndoano ya futi inayochezacheza si mbovu, inacheza kwa unene wake ili kipimo kiwe sawa ukivuta na ukisukuma. Msimwache mtu aigonge ikaze. Ongezeni barakoa, maana vumbi la mvule linawasha pua na kifua.

Kuhusu gundi na klampu niulizeni pembeni. Wenye patasi mpya mikononi njooni hapa mbele, mafuta ya taa yapo na jiwe liko mezani.