Mchuzi wa Goa Hauanzi na Kitunguu

Wazee wangu shikamooni. Wengine, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie mchuzi wa samaki wa Goa, jimbo la pwani ya magharibi ya India, ule ambao pamoja na wali wake, wenyewe kwa lugha yao ya Kikonkani huuita xitt-kodi. Nitasema huku napika, kwa hiyo mkiona nimenyamaza, jueni naangalia moto.

Mara ya kwanza nilipoujaribu nyumbani, mkono ulikwenda wenyewe: mafuta, kitunguu mpaka kikaiva rangi, nyanya, kisha tui. Ukatoka mtamu kwelikweli. Jirani yangu, mama wa Kigoa, akauonja, akasema: "Mwanangu, huu ni mchuzi wa Tanga."

Hakukosea. Sisi nazi tunaikuna, tunaikamua, machicha wanakula kuku. Kwao wapo wanaochuja pia, lakini nyumba nyingi nazi inasagwa yote, pamoja na viungo vyake, ikiwa mbichi. Hakuna kukaanga. Kazi yote iko kwenye kusaga. Zamani jiweni, leo kwenye blenda.

Humu nimetia nazi moja ndogo iliyokunwa, pilipili kavu nane za aina ya Kashmir, zenye rangi nyingi kuliko ukali, kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za giligilani, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, manjano kiasi hicho hicho, na punje nne za kitunguu saumu. Maji yaingie kidogo kidogo. Chukueni tone mlisugue kati ya vidole, hivi. Mnasikia chenga? Basi bado. Tunarudisha mpaka vidole viteleze.

Na hizo pilipili, jamani, si za India kwa asili. Zilitoka Amerika, zikaletwa na Wareno, walioiteka Goa mwaka 1510 wakakaa mpaka 1961. Kabla yao ukali ulikuwa wa pilipili manga. Ni Wareno hao hao wa Fort Jesus. Mombasa yao ilipokea amri kutoka Goa.

Sasa chunguni. Rojo hili, maji vikombe viwili, nusu kitunguu kibichi kilichokatwa, chumvi. Moto wa wastani, wala msifunike, tui lisije likakatika. Dakika kumi na tano hivi, mpaka harufu ya ubichi iondoke.

Uchachu ndio unaowagawa watu. Ukwaju wa ukubwa wa ndimu unatosha, na ndio niliotumia leo. Kwa kamba wengi hutia embe mbichi. Kwa vibua hupenda kokum, maganda ya tunda yaliyokaushwa juani, meusi kama tende kuukuu. Hayo sijayaona sokoni kwetu. Lakini birimbi tunazo! Goa nao wanazo, wanaziita bimbli, na wanazitia kwenye mchuzi huu huu, ilhali sisi tumeziachia achari. Mimi nazikata mbili kwa urefu, nazitia pamoja na samaki.

Samaki ni nguru, vipande nusu kilo, vimekaa na chumvi robo saa. Vinaingia mwisho. Dada pale mbele, weka upawa chini! Ukikoroga utakula miiba. Shika chungu masikioni, ukizungushe taratibu. Dakika sita, saba, basi.

Mtauliza, bahari ikichafuka wanakula nini? Kule pwani ya magharibi boti za injini huzuiwa kuvua tangu tarehe 1 Juni hadi 31 Julai, samaki wazaliane, na masika yao nayo yamepamba moto. Hapo hutolewa akiba ya uduvi. Wanaukaanga mkavu, wanauchanganya na nazi ya kukuna, kitunguu kibichi, pilipili na ukwaju: ndiyo kismur. Inakaa pembeni mwa wali na mchuzi. Nimeileta kwenye bakuli hili, na naona tayari limepungua.

Wali wao ni ule mnene mwekundu, uliochemshwa kabla ya kukobolewa. Mkiukosa, wowote usio na nazi, maana nazi juu ya nazi inakinaisha.

Haya, chungu kimetulia. Jambo moja tu: msiumalize. Mchuzi uliolala wanauita kalchi kodi, wa jana. Asubuhi unarudishwa motoni mpaka ukauke uwe mzito, ukashikamane na mkate. Jirani yangu huficha wake nyuma ya jagi la maji, watoto wasiuone.